Uso wa Mwanvua Jukwaani

Nilimwona marehemu mke wangu Mwanvua akikatika jukwaani… na wazungu wanacheka!

Si mzimu, jamani. Ni uso wake, ule uliochapwa kwenye kitenge cha matanga. Binti yetu Carine amekifunga kiunoni, uso wa mama umekaa makalioni, unatikiswa kwa piano.



Mnaotoka kwetu Bukavu mnaelewa. Kitenge cha matanga, matanga yakiisha, kinakunjwa picha ikiwa ndani, kinawekwa. Hakichezewi!

Mimi shule niliacha mapema. Carine alikuwa chuo kikuu hapa Brussels, akisoma Kiholanzi. Mwaka ule wa 2012 aliniambia:

"Papa, kuya kuona théâtre yetu. Ni cabaret, tunaimba kwa Kiafrikaans."

"Luga ya Makaburu?"

"Bon, kuya tu. Nimekuwekea kiti ya mbele."

Kumbe!

Kiafrikaans kinafanana na Kiholanzi cha kazini kwangu, nusu nilielewa. Aliimba juu ya mwanaume aliyefiwa na mke, hajalia, anagombana na televisheni.

Mimi huyo!

Na watu wameshika glasi za mvinyo, wanakenua meno.

Nikasimama.

"Carine! Toa hiyo kitenge! Mama yako si mudoli!"

Taa kali ikanipiga usoni. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi!

Walipomaliza, Mathieu, mwanafunzi aliyeongoza mchezo, akanikumbatia akiwa jasho tupu. Akasema kwa Kifaransa:

"Papa Kyungu, formidable! Kesho urudie vilevile. Taa tulishaielekeza kwenye kiti chako. Carine alituhakikishia utasimama."

Nikamgeukia mwanangu.

"Ulijua?"

"Papa, kama ningekuomba, ungekubali?"

"Hapana!"

"Voilà."

"Leta kitenge ya mama yako."

"Kesho, spectacle ikiisha."

Hata macho hakuinamisha!

Jumapili mchana nikarudi. Nilifuata kitenge, si mchezo. Nikakaa kiti kilekile.

Carine akaimba. Akakatika. Wakacheka. Akafika pale nilipopiga kelele jana, taa ikaniwakia, watu wote wakageuka kunitazama.

Nikanyamaza.

Piano ikarudia. Mathieu pembeni ananipungia mkono kama anafukuza kuku.

Nikanyamaza!

Carine akatikisa kiuno mara nyingine. Safari hii hakucheka mtu. Akasimama pale katikati, uso wa mama yake nyuma.

"Papa…"

Hicho hakikuwa Kiafrikaans.

Nikamtazama tu.

Akafungua fundo. Akakunja kitenge polepole, picha ndani, kama mama zake wadogo walivyomfundisha. Akashuka jukwaani amebaki na suruali yake ya mazoezi, akakiweka mapajani mwangu, akalia.

Na wale wajinga? Wakasimama wakapiga makofi! Eti walidhani na hilo ni igizo!

Nikakibana kitenge kwapani, nikamshika binti yangu mkono, tukatoka. Mathieu anakimbia nyuma:

"Carine! Bado wimbo wa mwisho!"

"Imba wewe," akamjibu.

Wazazi wenzangu, mtoto akiuza hasira yako kwa watu, usimpe hasira. Mnyime. Atabaki peke yake na alichokifanya, na hapo ndipo atakiona.

Kitenge kipo kabatini. Picha ndani.