Nani Alichemsha Maziwa Kwenye Birika?

Cheptoo aliamka mapema, akafungua mfereji uani, akajaza birika la stima. Pale Fort Ternan walipoishi, maji ya mfereji yalitoka kwenye kisima kirefu. Yalikuwa maji maangavu, ukiyatazama huoni kasoro. Birika likaanza kulia ta-ta-ta, kama bisi kwenye sufuria. Kisha likajizima. Maji hayakuwa yamechemka.

"Jamani, na leo tena!" akasema. Akabonyeza swichi. Likawaka kidogo, likazima.

Cheptoo alikuwa mke wa Calvince, ambaye alifanya kazi mjini Kericho na kuja nyumbani wikendi. Siku nyingine zote Cheptoo alikaa na wazazi wa mumewe, Mzee Joab na Mama Eucabeth. Wazee hao walifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya majani chai kule Boito. Walipostaafu walijenga Fort Ternan.

Mama Eucabeth alimpenda huyu mke wa mwanawe. Alimwita "nyar Sosiot", yaani binti wa Sosiot kwa Kijaluo, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Lakini kwa habari ya chai, mama huyo hakuwa na mzaha. Mtu aliyechuma majani chai nusu ya maisha yake, umletee chai mbaya? Thubutu! Na chai ya siku hizi ilikuwa mbaya kweli. Ilikuwa na rangi ya tope, na utando ulielea juu.

Alipoingia jikoni na kukuta birika limezima, alifungua kifuniko akachungulia. Ndani mlikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshika chini na pembeni.

"Nyar Sosiot!"

"Ndiyo, Mama."

"Umechemsha maziwa kwa hii birika."

"Mimi? Hapana, Mama!"

"Basi hii nyeupe ni nini? Ni unga? Boito nilikuwa na birika kama hii, haikushika hata doa. Hapa wewe umeingia jikoni, birika inakufa. Nyinyi watu wa mursik mkiona chombo lazima mtie maziwa!"

Mursik ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu. Kwa Wakipsigis, kina Cheptoo, ni kinywaji cha heshima. Maneno yale yalimchoma. Angeitwa mvivu angevumilia. Lakini kuitwa mwongo, tena na kwao kuingizwa ndani!

"Jumamosi mama yako anakuja," Mama Eucabeth akaendelea. "Nitamuuliza mwenyewe kama kwao birika ni sufuria ya maziwa."

Machozi yalimlengalenga Cheptoo. Tangu aolewe, mama yake hakuwa amekanyaga nyumba hiyo. Jumamosi ndiyo ingekuwa mara ya kwanza. Alitaka mama yake asikie kwamba alilea binti mwema. Sasa angesikia habari ya birika, mbele ya watu.

Sebuleni, Mzee Joab alikohoa, akanyamaza. Vita vya jikoni aliviogopa tangu zamani.

Alasiri Cheptoo alianza kupiga pasi gauni la buluu la Mama Eucabeth, lile la kanisa. Pasi yao ilikuwa ya mvuke, ile ya kutiliwa maji. Mara ikatema vipande vyeupe juu ya gauni. Cheptoo alivitazama. Akavigusa kwa kidole. Kisha akaibeba pasi na gauni mpaka uani.

"Mama, angalia. Na pasi nayo nimeitilia maziwa?"

Mama Eucabeth alikifikicha kipande kimoja kwa vidole. "Labda..." akasema.

"Labda nini, Mama?"

"Labda tuende kwa Nyamweya. Beba hiyo birika."

Nyamweya alikuwa fundi wa vyombo vya stima pale sokoni, mtu wa maneno mengi. Aliwatazama nyuso zao kwanza.

"Mmegombana," akasema. "Msikatae. Kila birika ikija hapa na ukoko, wenyewe wamenuniana. Kuna mzee alisema mkewe anachemshia mayai ndani!"

"Mama anasema ni maziwa," Cheptoo akasema polepole.

"Maziwa? Mama, maziwa ikiungua inakuwaje?"

"Inakuwa rangi ya kahawa. Na inanuka nyumba nzima."

"Haya, nusa."

Mama Eucabeth akanusa. Akanusa tena. Hakukuwa na harufu. Nyamweya akakata limau, akakamulia juu ya ukoko. Ukaanza kutoa povu, chsss!

"Umeona? Ukoko wa maziwa haufanyi hivi. Hii ni chokaa."

"Chokaa! Nani ameitia?" Mama Eucabeth akamgeukia Cheptoo.

"Mwache mtoto wa watu!" Nyamweya akacheka. "Hakuna mtu ameitia. Imetoka ardhini. Maji ya kisima inakaa chini kwa mawe, na mawe ya huku ina chokaa. Maji inayeyusha kidogo, inapanda nayo mpaka kwa mfereji. Huwezi kuiona, kama vile huoni chumvi kwa mchuzi. Lakini ukichemsha, chokaa inajitenga na maji, inashika kwa birika. Maji kama hii tunaita maji magumu."

"Mbona Boito haikuwa hivyo?"

"Boito ulikuwa unateka wapi?"

"Kwa kijito. Na ya mvua. Mvua ya Boito si unaijua, haibishi hodi."

"Hayo ni maji laini, karibu hayana chokaa. Birika yako ilikaa safi kwa sababu ya mvua, mama, si kwa sababu ya mikono yako."

Mama Eucabeth aliguna.

"Na sabuni?" Nyamweya akauliza. "Inatoa povu?"

"Haitoi!" Cheptoo akadakia. "Nasugua mpaka inaisha. Na nguo zikikauka zinakuwa ngumu."

Mama Eucabeth akatazama chini. Alikuwa amemgombeza kwa sabuni pia, kwamba anaifuja.

"Ni maji hiyo hiyo," Nyamweya akasema. "Na birika inajizima kwa sababu ukoko umekaa kati ya koili inayotoa joto na maji. Joto haipiti vizuri. Koili inapata moto kupita kiasi, inajizima isiungue. Hapo stima inapotea bure. Mkiacha hivyo, itakufa kweli."

"Tutaumwa?" Mama Eucabeth akauliza.

"Chokaa yenyewe si sumu. Lakini msichanganye mambo. Ugumu wa maji ni kitu kimoja, vijidudu ni kitu kingine. Maji laini inaweza kukuharisha. Ya kunywa chemsheni au tieni dawa, hata kama ni ya mvua. Na ukoko usikwanguliwe na kisu."

"Nimeshakwangua," Mama Eucabeth akasema kwa sauti ndogo.

Jioni hiyo hiyo Cheptoo alifanya kama Nyamweya alivyomwelekeza. Kwanza alihakikisha waya umechomolewa. Alitia maji ya limau na maji kidogo, yakafunika ukoko. Siki nayo ingefaa, ila alionywa asichanganye siki wala limau na dawa ya kung'arisha nguo, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Ukoko ulipolegea, alimwaga, akasugua kwa sponji laini, akasuuza vizuri. Hakulizamisha birika majini. Akachemsha maji, akayamwaga. Chini pakang'aa. Na birika halikujizima tena kabla ya maji kuchemka.

Mzee Joab naye akapata sauti. Alipanda ngazi, akafunga gata chini ya mabati ili maji ya mvua yaingie kwenye pipa lenye kifuniko.

"Usilolijua ni kama usiku wa giza," akasema kutoka juu.

"Ungelisema asubuhi ile," Mama Eucabeth akamjibu.

Mvua iliponyesha, waliacha maji ya kwanza yaende zake, kwa kuwa yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Yaliyofuata wakayakinga. Hayo yakawa ya birika, ya pasi na ya kufulia. Ya mfereji yakabaki ya kupiga deki, kuoga na kunywesha ng'ombe. Sabuni ikatoa povu mpaka Cheptoo akaita watu waje waone.

Jumamosi mama yake Cheptoo akafika na kibuyu cha mursik mkononi. Chai ikaletwa, haina utando, rangi yake safi. Mgeni akanywa, akasifu. Kisha akauliza lile swali ambalo mama wote huuliza.

"Huyu mtoto wangu hawasumbui?"

Mama Eucabeth akaweka kikombe chake mezani.

"Mimi ndiye nimemsumbua," akasema. "Nilimsingizia. Nilisema anachemsha maziwa kwa birika, eti kwa sababu ni mtu wa mursik. Kumbe ni maji ya mfereji. Na sabuni pia nilimsingizia. Nyar Sosiot, nisamehe. Nasema mbele ya mama yako."

Cheptoo aliitikia kwa kichwa, na machozi yakatoka, safari hii ya furaha.

"Maziwa kwa birika?" mama yake akashangaa. Akainua kibuyu. "Maziwa yetu ina nyumba yake."

Mama Eucabeth, ambaye miaka yote alikataa mursik, alimwaga chai iliyobaki, akanyoosha kikombe. "Basi mimina."

Akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo.

"Nyar Sosiot," akasema, "hii nayo ukiitia kwa birika, tutagombana kweli."

Cheptoo akacheka mpaka akalazimika kuketi.