Ngazi za Jumba la Wenyewe

Kunegunda ndiyo kwanza alikuwa amekata kamba za belo jipya la mitumba, wanawake wamemzunguka wakigombea masweta ya baridi ya Juni, mgeni aliposimama mbele ya meza yake. Alivaa koti refu la sufu, na viatu vyake vilijaa vumbi jekundu la stendi ya Songea.

"Koti hilo unauza?" Kunegunda aliuliza bila kumtazama usoni.

"Siuzi. Nimekuja nalo kutoka Uingereza."

Sauti ile! Sweta likamponyoka mkononi. Alikuwa Pankrasi, mchumba wake aliyekwenda masomoni miaka miwili iliyopita.

"Mkwe wa Wazungu!" Kunegunda alisema, soko zima lisikie. "Karibu. Mkeo umemwacha ndani ya basi?"

"Mke gani, Kune?"

"Usiniite Kune! Picha uliituma mwenyewe. Umesimama na mwanamke wa Kizungu kwenye ngazi za jumba lenye madirisha mengi kuliko seminari. Mama yako kaitundika ukutani, Mjimwema nzima imepita kuitazama. Nani anapigwa picha kwenye ngazi za watu, meno nje, kama si mkwe wa nyumba?"

Hivyo ndivyo walivyoamua wote. Mgeni hupiga hodi, hupewa kiti na togwa, akaondoka. Ngazi ni za wenyewe.

"Yule anakata tiketi mlangoni," alisema Pankrasi. "Mwenye jumba alikufa zamani. Watu hulipa kiingilio, wakaingia kutazama kitanda chake."

"Kitanda cha marehemu?" Zuhra, muuza korosho wa meza ya jirani, alidakia. "Astaghfirullah! Angalau wanapewa chai?"

"Chai inauzwa."

"Basi hao hawana wageni, shemeji. Wana wateja."

Wanawake walicheka. Kunegunda hakucheka.

"Kwa hiyo mimi nanyooshewa vidole hadi kanisani, wewe unatalii vitanda vya wafu!"

"Ndiyo yalikuwa masomo yenyewe, ya kuongoza watalii. Leo hifadhi yenye kulungu na bata maji, kesho majumba ya kale. Nilikuandikia yote."

"Barua zako nilizichoma bila kuzifungua. Jumapili mshenga wa Athanasi anakuja kwetu, na nitamkubali."

Sasa hasira zilimpanda Pankrasi pia. "Bila kuniuliza hata swali moja?"

"Haya, nakuuliza! Ndani ya majumba hayo mna nini, hata ukanisahau? Mazulia? Dhahabu? Sema!"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Ya ndani. Sikuingia hata jumba moja. Wenzangu wakiingia, mimi nabaki kwenye ngazi, mvua inaninyeshea." Akashusha sauti. "Siku naondoka ulinishika ukosi pale stendi. Ukasema, majumba ya wakubwa usiingie bila mimi. Nikaapa."

"Ulikuwa utani!"

"Ulikuwa unalia, Kune."

Kunegunda aliinama akaokota sweta lake. "Na mtihani?"

"Uliuliza ya ndani. Cheti sikupata."

"Mpumbavu!" Alimchapa kwa sweta. "Mjinga wa wajinga!" Akamchapa tena, machozi yakimtiririka. "Unapoteza cheti kwa maneno ya stendi?"

Akageuka, akaanza kuwanyang'anya wateja nguo na kuzirudisha ndani ya belo.

"Dada, hiyo nimeshachagua!"

"Nimefunga."

"Siku ya belo jipya?" Zuhra alishika kichwa. "Wateja wote watakimbilia meza ya Bakili kule ng'ambo! Msimu mzima huwapati tena!"

"Waende." Kamba ilikataa kukaza, akaivuta kwa meno. "Na mimi niliapa pale pale stendi. Nilisema siku akirudi nafunga meza, hata belo liwe wazi."

Nusu ya wateja walikuwa wameshavuka kwenda upande wa pili, wakinung'unika. Kunegunda hakuwatazama.

"Zuhra, nenda ukamwambie Athanasi, mshenga wake asijisumbue."

Kisha akamgeukia Pankrasi, uso bado umekunjamana.

"Na wewe, umezoea kusimama nje tu? Shika huku, tubebe hadi nyumbani."

Pankrasi akashika.