Mafuta Ndani ya Mtu Mwembamba

Hamdani alikuwa fundi wa nguo Gisenyi, mji ulio kando ya ziwa. Alikuwa mwembamba tangu ujana wake. Asubuhi aliketi kwenye cherehani, na jua likizama bado alikuwa ameketi. Siku hizi alichoka hata kabla ya kuanza kazi.

"Baba Isimbi, unakwisha," alisema mkewe, Mukandutiye. "Kunywa, upate nguvu."

Alimwekea chai ya sukari nyingi, chapati na soda. Hamdani alikula na kunywa, maana hata nguvu za kubishana hakuwa nazo. Uchovu haukuondoka. Tumbo tu ndilo lililoanza kusukuma mkanda.

Siku moja alisinzia akishona. Sindano ikamchoma kidole. Mukandutiye aliogopa, akampeleka kituo cha afya. Kipimo cha damu kilionyesha sukari imepanda. Wakatumwa hospitali kupiga ekografi, yaani picha ya ndani ya tumbo. Waliporudi kituoni na majibu, muuguzi Cansilde aliyasoma polepole.

"Papa Hamdani, ini yako iko na mafuta mingi."

"Mi? Mi sinywaka pombe! Na angalia, niko mukonde. Mafuta itoke wapi?"

"Kwa wengine mafuta inaonekana inje. Kwako inajificha ndani ya tumbo. Mizani haiwezi kuiona. Mutu akikunywa sukari mingi na kukaa kutwa, ini inageuza ile sukari kuwa mafuta. Tukiiacha, ini inaweza kuharibika. Na ugonjwa wa sukari iko karibu."

Mukandutiye aliinamisha kichwa. "Donc, basi ni mi nilimuumiza?"

"Hapana, mama. Ulimuona mukonde, ukafikiri ni njaa. Wengi wanafikiri hivyo."

"Sasa dawa iko wapi?" aliuliza Hamdani.

"Muanze nyumbani. Muache soda na sukari ya chai. Mule maharage, majani ya sombe na samaki ya sambaza, ugali kidogo. Usijitese na njaa. Lakini tembea kila siku. Kisha murudi, tupime tena."

Haikuwa rahisi. Hamdani aliitazama chai isiyo na sukari kama adhabu. Jioni alitembea kando ya ziwa na mkewe, miguu mizito. Siku nyingine waligeuka njiani, wakarudi nyumbani. Kesho yake walitoka tena.

Miezi ilipita. Walirudi kupimwa. Sukari ilikuwa imeshuka, na picha mpya ilionyesha mafuta yamepungua.

"Haijakwisha yote," alisema Cansilde. "Lakini ini inapona. Muendelee hivyo hivyo."

Hamdani alishusha pumzi ndefu. Alikuwa bado mtu wa kuchoka, lakini sasa ulikuwa uchovu wa kazi. Akilala, unaisha.

Mukandutiye hakuinuka kwenda. Naye alikuwa mwembamba kama mumewe. Alikunja mkono wa gauni lake, akamnyooshea muuguzi mkono.

"Basi mupime na mi," alisema. "Ile chai tulikuwa tunakunywa wote."