Solo la Mwendo wa Pole

Siku ya gulio la Soni, mwaka 1974, Hezekia alishuka kwenye basi la Lushoto akitafuta chai tu. Alikuwa fundi redio wa miaka thelathini na minne, mwenye sweta la kijivu na bisibisi mfukoni. Akapita katikati ya matenga ya kabichi, akaingia mgahawani kwa Dina, na humo akalisikia gitaa lake mwenyewe.

Lilikuwa solo la roki alilolipiga Tanga ujanani, kwenye santuri pekee ya bendi yao. Vijana wengi wa pwani waliliiga, lakini jina lake halikuandikwa popote, na mwaka uleule aliacha gitaa. Sasa lilitoka kwenye gramafoni ya betri likiwa zito, kama limebeba gunia la viazi kutoka Lukozi.

Dina, mwenye mgahawa, alisimama kando ya mashine amefumba macho. Alivaa gauni la kitenge cha zambarau na kitambaa cha njano kichwani, na Hezekia, asiye na mazoea ya kutazama mavazi, aliyatazama yote mawili mara mbili. Labda ndiyo maana alitaka kujionyesha. Akaeleza kuwa mashine inazungusha santuri pole mno, akachomoa bisibisi, akachokonoa, na wimbo ukatoka mbio. Mzee mmoja akajimwagia chai. Wateja wakacheka.

Dina hakucheka.

"Umemfanya nini mpigaji wangu?" akauliza. "Miaka miwili ananiliwaza hapa, sasa analia kama amekanyaga siafu."

"Ndivyo nilivyolipiga, dada. Ni mimi huyo."

Dina akamtazama sweta, viatu, kisha bisibisi. Akamwambia yeye ni wa tatu kudai hivyo tangu Krismasi. Wa kwanza alikuwa dereva, wa pili mwinjilisti. Akamwonyesha mlango, na chai Hezekia akainywea barabarani.

Wiki nzima alijiambia kuwa mwanamke yule hana adabu, akajiambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ijumaa akaitwa kwenye simu dukani kwa Mzee Juma, jirani yake. Alikuwa Dina, aliyempata kwa kumuulizia fundi redio kwa makondakta wa basi la Lushoto. Alitaka mashine irudishwe ilivyokuwa, maana wateja sasa wanacheza badala ya kula maandazi. Hezekia akaahidi kuja, kisha, huku Mzee Juma akijifanya anapima chumvi, akamuuliza alipenda nini kwenye wimbo ule.

Simu ikakoroma kidogo.

"Katikati," Dina akasema. "Pale uzi mmoja unapochelewa. Kama mtu anayetaka kusema neno, akaona haya, halafu akalisema."

Hezekia alishika kaunta. Pale ndipo alipokosea. Kidole kiliteleza siku ya kurekodi, na kiongozi wa bendi akamcheka mbele ya watu mpaka akaliweka gitaa chini. Kwa mwendo wa mbio kosa lilipita kama chafya. Kumbe kulikuwa na mtu Soni aliyelisubiri kila siku.

Akaliteremsha gitaa kutoka darini, akajifunza solo lake upya, pole. Ilikuwa kazi ngumu, maana kwa mwendo ule hapakuwa na pa kujificha. Mzee Juma akatuma mtu aulize kama kuna msiba.

Gulio lililofuata Hezekia hakuigusa mashine. Aliketi kwenye benchi la mgahawa, akapiga. Katikati, kidole kikasita, mwenyewe asijue ni kwa makusudi au kwa hofu, kisha uzi ukalia. Mwinjilisti akainamia kikombe chake.

"Hapo," Dina akasema taratibu. "Rudia."

Akarudia. "Nilikosea hapo, Dina. Miaka kumi na moja naona aibu."

"Basi ukikosea tena nyumbani kwangu, usirekebishe."

Hezekia akauliza kama nyumbani ni hapo mgahawani. Dina akajibu kuwa mgahawa huitwa mgahawa. Jumapili wangekwenda Vuga kwa baba yake, mzee wa kanisa. Gitaa libaki Soni, kwani mzee aliamini ni chombo cha wahuni.

Hezekia alifika Vuga mikono mitupu, akatoa shikamoo mara tatu kwa hofu. Mzee akamuuliza kazi yake. Aliposikia ni fundi redio, akaingia ndani, akarudi na redio iliyokufa tangu mwaka wa Azimio, akaiweka magotini pa mgeni. Hezekia akaifungua, akahangaika nayo saa nzima. Ilipoamka, iliamkia katikati ya gitaa la dansi. Mzee hakuizima. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza wazee wa Hezekia wataleta barua ya posa lini.