Kafuri ya Bi Zeituni

Alama zilikuwa tatu. Mbodze alifungua mkebe wa dawa ya kukanda alasiri moja, akakuta juu ya dawa iliyoganda mifereji mitatu ya vidole, na mbele yake kishimo kidogo kilichodonolewa na ncha ya kidole cha nne. Yeye mwenyewe huchota kwa vidole viwili. Asubuhi ile ile aliusawazisha uso wa dawa kwa kijiko, akaufunika mkebe. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mamake, na mamake alikuwa amelala tangu adhuhuri. Akajiambia ni panya. Panya wa mtaa wa Kuze wana vituko, hilo halina mjadala, lakini panya gani huyo achote dawa yenye pilipili kwa vidole vitatu kisha arudishe kifuniko? Akaulainisha uso wa dawa upya, akanyamaza kimya.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Na ili tumwelewe, turudi nyuma siku kumi.

Mikono ya Mbodze ilikuwa na jina pale mtaani. Wanawake waliojifungua walimwita awakande mpaka arubaini yao iishe, mabibi wenye viuno vilivyokaza walimwita, hata kwenye kuosha maiti za wanawake aliitwa, maana hakuna aliyejua kulainisha viungo vilivyoanza kukauka kama yeye. Alimkanda kila mtu akapona, isipokuwa mtu wake. Mamake, Mwanamkasi, alikuwa na mwaka wa sita kitandani, baridi yabisi imemvimbisha magoti na kumkunja vidole vyote. Kila alfajiri, kabla ya adhana, alilia akijigeuza. Hakuwa mtu wa kudeka, alikuwa mwanamke aliyelima mihogo Kwale miaka arubaini, na kilio cha mtu kama huyo kinakata maini. Mbodze alimwomba Mola wake kitu kimoja tu: mamake asimame.

Ndipo akafa Bi Zeituni wa Ndia Kuu, mshonaji kofia, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mzuri aliyemwita kila mtu "kijana wangu," hata wazee wenye mvi. Mbodze akaitwa kwenye kuosha. Alikunja na kukunjua kila kiungo cha yule marehemu, vikatii, ila kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kidole kile kilivunjwa na mlango alipokuwa kigori, kikaunga kikiwa kimenyooka, na tangu hapo alishona kofia zake zote kikiwa kimesimama. Hata mautini kilikataa kulala.

Yalipofika maji ya mwisho, yale yanayotiwa kafuri, Mbodze alikabidhiwa pakiti. Kila mtu Ndia Kuu aliijua pakiti ile. Bi Zeituni aliinunua Makka mwaka aliohiji, akaiweka sandukuni pamoja na sanda yake, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia wanawe na wajukuu kwamba wasiiguse, hiyo ni yake, ya safari yake. Ilikuwa kafuri ya kweli, nyeupe, yenye harufu inayopanda mpaka utosini. Hii ya madukani siku hizi ni ya kufukuzia mende, ukiitia kwenye dawa ni kama hukutia kitu.

Mbodze alitia nusu. Nusu nyingine aliifunga kwenye pindo la leso yake. Alijiambia kwamba Bi Zeituni hana tena kinachomuuma, na kitandani kwake yuko mtu anayeumwa. Lilikuwa neno zuri, ndiyo maana lilimdanganya.

Siku hiyo hiyo akapika dawa. Alichemsha mafuta ya nazi kwa moto mdogo wa makaa, humo ametia tangawizi iliyopondwa, pilipili kavu, karafuu, mdalasini na majani ya mkaratusi, mpaka mafuta yakageuka rangi. Akayachuja kwa kitambaa, akayeyushia nta ya nyuki ili dawa igande. Kisha akaiepua, kwa kuwa kafuri haitiwi kwenye kitu kilicho motoni, huruka yote na mvuke. Aliimwagia humo ile nusu. Sufuria ilikuwa chini, mbali na jiko, lakini mafuta yalifura mara moja mpaka ukingoni, yakashuka, na ikatoka sauti ya pumzi, ndefu, ya mtu mzima anayeketi baada ya kupanda ngazi nyingi. Mbodze aligeuka kumtazama mamake. Mamake alikuwa kalala, kafunga mdomo. Akamimina dawa, ikajaza mikebe mitatu.

Alfajiri iliyofuata hakukuwa na kilio. Mbodze aliruka kitandani kwa hofu, akidhani mama keshafariki, akamkuta anakoroma. Siku ya tatu vidole vilikunjuka. Siku ya saba Mwanamkasi alisimama, akashika ukuta, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akatazama kichochoro alichokuwa akikisikia tu kwa miaka sita. Mbodze alilia mpaka akaona haya. Mkebe mmoja akampa Rispah, rafiki yake anayesafisha samaki bandarini Liwatoni, ambaye barafu ilikuwa imemla vifundo vya mikono. Mmoja akauweka akiba. Wa tatu ukawa wa mama, na huo ndio uliokutwa na alama siku ya kumi.

Siku ya kumi na moja, Mwanamkasi aliomba sindano. Mbodze alicheka, akamuuliza tangu lini mkulima wa mihogo akawa fundi. Mamake hakucheka. Alitwaa kipande cha kitambaa, akaanza kukitoboa vitundu vidogo vidogo vya kofia, upesi, bila kutazama, kwa mkono ambao wiki mbili nyuma haukuweza kushika kikombe. Mbodze alitazama vile vitundu vikijipanga, akajilazimisha kufurahi. Kisha akauona mkono wenyewe. Vidole vinne vilikuwa vimejikunja kwenye sindano. Cha mwisho kilikuwa kimesimama.

Kesho yake Rispah alipiga hodi saa ya jua kali. Hakukaa. Aliuweka mkebe wake mlangoni, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa mikono ilikuwa mikavu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alijipaka mara mbili tu, maumivu yakaisha kabisa, lakini jana, akiwa mezani na wenzake wanapara samaki, mkono wake wa kulia uliacha kisu wenyewe ukaanza kwenda juu na chini, juu na chini, hewani, kama mtu anayeshona. Alisali, akaunawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ukachubuka, ndipo ukatulia.

"Dada Mbodze, sikuchukii," alisema. "Lakini dawa yako ina mtu."

Mbodze alimtazama akikata kona, kisha akarudi ndani, akafunga mlango ingawa joto lilikuwa la kuua, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba nyumba nzima ilinuka kafuri, si dawa, si karafuu wala mkaratusi, kafuri peke yake pamoja na maji, harufu ya chumba ambamo kuna kitanda cha kuoshea na wanawake wanaozungumza kwa kunong'ona.

Magharibi ilipokaribia, watoto wa madrasa iliyopakana na nyumba walinyamaza kwa pamoja, na katika ule ukimya Mbodze akasikia sindano, tik, tik, tik, kutoka chumba cha ndani, akaenda kwa hatua za mtu anayeogopa sakafu, akasogeza pazia, akamwona mamake ameketi kitako kitandani, mgongo umenyooka, ameinamisha kichwa upande kama wanavyofanya mafundi wa kofia wakitafuta mwanga, anashona leso aliyojifunga, tik, tik, polepole, na pindo la leso lilikuwa limeloa, na Mbodze aliposogea ili aone limeloa nini aliona kwamba sindano ilikuwa ikipita kwenye kitambaa na kwenye ngozi ya paja, kitambaa na ngozi, mshono mmoja mzuri ulionyooka kutoka gotini kwenda juu, na uso wa mamake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu asiyeumwa na kitu chochote.

"Mama," alinong'ona. "Mama, wacha."

Kichwa kiliinuka. Macho yalikuwa ya Mwanamkasi. Sauti haikuwa yake.

"Kijana wangu," ilisema, kwa upole, "nusu yangu iko wapi?"

Miguu ilimbeba Mbodze mpaka kwa Maalim Jamaldin, mzee wa karibu na msikiti, mkavu wa maneno, asiyependa mambo ya majini na ndiyo maana watu walimwamini. Alikuja na ndoo. Alimsomea Mwanamkasi mpaka isha ikapita, na yule aliyekuwemo hakupiga kelele, hakutukana, wala hakutaja jina la ajabu. Aliuliza tu, tena na tena, nusu yake iko wapi. Ikabidi Maalim ageuke amtazame Mbodze. Mbodze akasema yote, tangu pindo la leso.

Maalim alizisugua shanga za tasbihi bila kuzihesabu. Kisha alimweleza kwamba kila mja ana karini wake, jini anayezaliwa naye na kutembea naye. Mwenyewe akifa, karini hubaki hana nyumba, hutangatanga kidogo na kuondoka. Huyu alikuwa ameitwa na harufu ya mtu wake, akaifuata, akaipata imepakwa kwenye mwili wa moto. Angeondokaje?

"Umemwibia maiti," alisema. "Sasa utamrudishia, chote, mpaka ukoko wa sufuria. Kitu cha maiti hurudishwa mara moja tu. Ukibakisha mahali, kaburi halitakipokea tena. Ni nani na nani waliopakwa?"

"Mama. Na Rispah mara mbili, na ameshanawa."

"Basi?"

"Basi, Maalim."

Waliponda majani saba ya mkunazi, wakayatia kwenye maji, na Mbodze akamwosha mamake kuanzia utosini, huku Maalim akisoma nyuma ya pazia. Alikata uzi mshono baada ya mshono. Kila maji yaliposhuka, harufu ilipungua, na mwili uliokuwa umenyooka ukaanza kulegea na kujikunja mikononi mwake. Kile kidole kililala. Halafu Mwanamkasi akapiga ukelele wa maumivu, ukelele uleule wa alfajiri zote za miaka sita, na sasa kulikuwa na paja pia.

"Mbodze," alilia. "Mwanangu, magoti yangu. Umenifanya nini?"

Mbodze alimkumbatia akiwa amelowa, akamshukuru Mungu kwa kilio kile, na wakati huo huo kilimchoma, maana alijua ni yeye aliyekirudisha. Asubuhi alifukia mikebe mitatu, kitambaa cha kuchujia na sufuria yenyewe miguuni pa kaburi la Bi Zeituni. Maalim alisoma, akapangusa mchanga, akaenda zake.

Siku tatu hakukanda mtu. Aliogopa hata kunusa karafuu. Lakini mamake alilia usiku, akalia mchana, akaanza kuomba akandwe, japo kwa mafuta matupu, akandwe tu. Kwa hiyo alasiri ya siku ya nne Mbodze alinunua sufuria mpya, akapika dawa ya kawaida, tangawizi na karafuu na nta, isiyo na punje ya kafuri. Aliiepua, akaimimina mkebeni, akaisubiri igande. Mamake, kutoka chumba cha ndani, aliisikia harufu, na sauti yake ikabadilika kwa tamaa.

"Yanukia vizuri, mwanangu. Njoo unikande."

"Naja, mama."

Alichota, na alipoutoa mkono, juu ya dawa palikuwa na mifereji mitatu, na mbele yake kishimo kidogo.

Mbodze aliugeuza mkono wake wa kulia kwenye mwanga wa dirisha. Kiganjani, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa imevimba malengelenge meupe. Ndipo akakumbuka kwamba sufuria aliiepua jikoni bila kitambaa, na kwamba hakusikia moto. Alijaribu kufunga ngumi. Vidole vyote vilikuja, isipokuwa kimoja. Maalim alimuuliza ni nani na nani waliopakwa, naye akataja waliopakwa. Hakumtaja aliyekuwa akipaka, siku kumi na mbili, asubuhi na jioni, kwa mikono mitupu. Na mikebe yote ilikuwa imeshafukiwa.

Mkono ulianza kwenda wenyewe, taratibu, kuelekea kwenye pazia.

Aliudaka kwa ule wa kushoto, akaurudisha kifuani, akatoka nao mpaka kizingitini. Mamake aliita tena. Aliita kwa jina, aliita kwa kubembeleza, akaanza kulia kile kilio chake cha alfajiri, akimuuliza mwanawe kama hamsikii.

Mbodze alikuwa akimsikia vizuri. Akaketi, akaukalia ule mkono, akamwacha alie.