Kiganja cha Unga wa Laurian

Zefania alimwigiza mama mkwe wake mbele ya watu mia mbili, na mama mkwe mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Ilikuwa Manyoni, mwaka wa arobaini na nane, ndani ya banda la mizigo la stesheni. Zefania, mpima mizigo, alikuwa amejifunga kanga mbili na kitambaa kichwani, maana siku hizo wanawake hawakupanda jukwaani. Mama akitakiwa, mwanamume ndiye alikuwa mama. Mchezo wenyewe ulimhusu mwanamke ambaye mwanawe hakurudi kutoka vita vya Burma.

Alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Akasaga. Kisha akachota kiganja kimoja cha unga, akakitia kwenye kibuyu kidogo pembeni, akasema kama mtu anayemsemesha mtoto aliyesimama mlangoni:

"Chako hiki. Usichelewe, ugali unapoa."

Mwanzoni watu walicheka kumwona mwanamume mwenye kifua cha kubebea magunia akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. Halafu kicheko kikafa. Askari mmoja wa zamani akavua kofia. Banda lote likawa kimya, na ndani ya kimya hicho mwanamke akasema:

"Luciana, nipeleke nyumbani."

Luciana, mchumba wa Zefania, alimshika mama yake mkono. Alipofika mlangoni aligeuka, akamtazama yule mama wa jukwaani machoni. Zefania aliiona ile sura vizuri kabisa. Hakusimama. Alicheza mpaka mwisho.

"Umewamaliza!" Bonaventura, karani wa tiketi na kiongozi wa kundi, alimrukia nyuma ya pazia. "Dodoma watatuita, nakwambia!"

"Yule alikuwa mama mkwe."

"Yupi?"

"Aliyetoka."

Bonaventura akakaa juu ya gunia la karanga.

Yeye ndiye alikuwa amemchokoza miezi miwili nyuma. "Mama wako ni wa karatasi," alimwambia. "Analia kama mlevi aliyenyimwa pombe. Nenda ukamtafute mama wa kweli, umtazame mpaka umjue."

Neno kama hilo kwa Zefania halikuwa la kupita. Mizigo aliipima kwa mikono, lakini kuigiza alikufanya kwa mwili mzima. Aliwahi kushinda na njaa siku mbili ili ajue mwenye njaa anavyoinama kuokota kitu. Sasa alitaka mama aliyefiwa na mwana vitani, na aliyemjua alikuwa mmoja tu: mama yake Luciana. Balaa lilikuwa hapo. Kwao mkwe wa kike hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, wewe ndiye unaingia majani. Basi Zefania akapanda juu ya paa bapa la tembe la jirani yake huyo mama, mjane Dorika, akalala kifudifudi katikati ya mtama uliotandazwa kukauka, eti anaulinda na ndege. Asubuhi tatu alimtazama mama wa watu uani mwake, naye mama akidhani yuko peke yake.

Siku ya pili baada ya mchezo, barua ikaletwa stesheni:

"Zefania. Usije nyumbani. Baba anakutafuta na fimbo. Mimi sikutafuti. Luciana."

Alimvizia kisimani.

"Mlinzi wa mtama," Luciana alimwambia kabla hata ya salamu. "Dorika amesema ulimlindia bure. Na mimi nikakusifu mbele za watu, nikasema mchumba wangu ana huruma na wajane."

"Luciana, nilikuomba usimlete."

"Uliniomba. Hukusema kwa nini. Mimi nikamwambia mama, twende tu, hatakuwa Zefania pale, atakuwa mtu mwingine. Kumbe mtu mwenyewe ni yeye mama!"

Zefania akatazama chini.

"Miaka minne," Luciana akasema, "nalala naye nyumba moja, na sikujua anamwekea kaka Laurian unga. Baba hakujua. Ulijua wewe, ukaiambia stesheni nzima."

"Nilitaka mama awe wa kweli."

"Alikuwa wa kweli kabla yako. Nijibu moja. Watu waliponyamaza, ulijisikiaje?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi.

"Nilifurahi."

"Hata uliponiona mlangoni?"

"Hata hapo. Ndiyo maana nashindwa kukutazama."

Luciana alijitwisha mtungi, akaondoka.

Baba yake Luciana, mzee Simoni, alimwita Zefania mbele ya wazee wa ukoo. Akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Sijaitikia. Kondoo mmoja kwa kumtazama mkwe wako. Wa pili kwa kumvaa jukwaani. Na harusi itangoja mpaka mkwe mwenyewe aseme."

Kondoo walipelekwa, wakachinjwa, wakaliwa. Mwenyewe hakusema. Kila Jumapili Zefania alikwenda kuketi nje ya ukuta wa tembe la mama mkwe, mgongo ukiwa upande wa nyumba, akaomba radhi, akarudi stesheni. Barua ya Dodoma ilipofika, alimwambia Bonaventura:

"Tafuta mama mwingine."

"Mjinga wewe! Watu kama wewe huzaliwa mmoja kwa reli nzima."

"Huyo mmoja ndiye aliyeharibu."

Wakamchukua Paskali, naye akalia kama mlevi.

Miezi kumi na minne ilipita. Jumapili moja sauti ikatoka ndani ya ukuta.

"Luciana, mwambie huyo aliye nje simchukii."

"Umesikia?" Luciana akauliza, amesimama mlangoni katikati yao.

"Nimesikia. Mwambie mama naomba radhi."

"Radhi nimeipokea," ikasema sauti. "Ila muulize. Ule unga, nilikuwa naufanya vile hasa?"

"Vile hasa, mama."



"Basi ndiyo maana. Nikiinama kwenye jiwe nasikia watu wanakohoa nyuma yangu. Nikitaka kumwita mwanangu, naisikia sauti ya huyo. Nimejaribu, nimejaribu. Sasa nasaga tu, kama watu wengine. Mwambie aoe."

Zefania aliuficha uso kwenye magoti. Luciana akaja kukaa kando yake, si karibu sana.

"Nitaolewa na wewe," akasema. "Kama nimekusamehe, sijui. Nimechoka kukuchukia, basi."

"Sistahili."

"Hustahili. Lete watu baada ya mavuno."

Walioana mwezi wa saba. Zefania hakupanda tena jukwaani, na pale banda la mizigo hakukutokea mwingine wa kunyamazisha watu vile. Kwa hiyo mchezo wa jioni moja uligharimu kondoo wawili, miezi kumi na minne ya Luciana, kazi pekee ambayo Zefania aliumbiwa, na mama mmoja ambaye mpaka anazikwa hakuongea tena na mwanawe Laurian.