Valvu ya Nguruwe Kifuani Mwangu

"Huyu mwanamke ana nguruwe ndani ya moyo!"

Aliyesema hivyo ni mume wangu, Wangila... saa ya ushuhuda, mbele ya kanisa zima pale Myanga! Na mimi nimeketi hapo hapo, na mimba yangu.

Wapendwa, kanisa letu hatuli nguruwe. Hata sufuria iliyopikiwa nguruwe hatuigusi.

Mwaka wa 2003 valvu ya moyo wangu, ule mlango mdogo unaopitisha damu, iliharibika. Nilipasuliwa Nairobi nikiwa mahututi. Wangila alikuwa amepeleka mahindi Sudan, simu haishiki. Aliyekaa nami hospitali ni mama mkwe.

Nikapona. Baada ya muda nikashika mimba. Tulipoenda kliniki Kitale na Wangila, daktari akatabasamu.

"Bahati nzuri uliwekewa valvu ya nguruwe. Haisumbui mimba."

Ya nguruwe?! Hata mimi nilikuwa nasikia mara ya kwanza!

"Ulijua ukanificha," Wangila akasema tukitoka.

"Haki ya Mungu sikujua!"

Hakuniamini. Jumamosi, siku yetu ya ibada, ndiyo akanianika kanisani.

Nilimtazama mama mkwe. Si aseme tu kwamba nilikuwa mahututi, bana! Akainamisha macho.

Jioni nilipika ugali. Hakuna aliyeugusa... wakawamwagia mbwa. Nikabeba begi langu nikarudi kwetu Kitale, nikilia njia nzima.

Nilijifungua msichana. Wangila hakuja. Alikuja mama mkwe, peke yake. Akambeba mtoto, kisha akaniambia:

"Nangila, ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Daktari alisema ukiwekewa ya chuma utakunywa dawa maisha yote, na hizo dawa zinaumiza mtoto kwa tumbo. Nikamwambia aweke ya nguruwe. Nilikuwa nataka mjukuu."

Nikamkazia macho.

"Wangila umemwambia?"

"Bado... Si watanitenga na mimi?"

Jamani! Huyu mama aliniokoa, na ni kwa sababu yake nina mtoto. Namshukuru mpaka leo. Lakini aliniangalia nikiaibishwa, akanyamaza!

Nikanyoosha mikono, nikamchukua mtoto wangu.

"Rudi useme ukweli, mama. Halafu uje umbebe."

Hajarudi. Msichana wangu sasa ameanza shule ya nasari, na kila akiona wenzake wakichukuliwa na nyanya zao ananiuliza wake yuko wapi.

Ukimwokoa mtu, usimwachie abebe aibu peke yake.